Mshamu Aligeuza Shingo

Kijijini kwetu, ukiacha lami ya Kibiti ukashika njia ya vumbi ya kwenda Mtunda, udhu una trafiki wake. Trafiki huyo ni mjomba wangu Mshamu. Ukitawadha ukaacha kisigino kikavu, anakurudisha bombani. Ukipaka maji kichwani kwa ncha za vidole, anakuuliza kama umetoka saluni na unaogopa kuharibu. Kuna mwaka alimrudisha bwana harusi mara mbili, kanzu imeshapigwa pasi, watu wamekaa wanasubiri ndoa ifungwe.

Lakini muadhini ni yeye, na sauti anayo, hilo hata wabaya wake hawakatai. Akiadhini alfajiri, majogoo yanasubiri zamu.

Haya ninayoyaandika kanisimulia mwenyewe, na ruhusa kanipa. "Andika," alisema, "hiyo nusu diploma yako ifanye kazi japo siku moja." Basi naandika.

Riziki yake inatokana na useremala. Banda lake liko kando ya lami, vitanda vimesimamishwa wima kama vinasubiri gari. Kazi ya randa ni ya kuinama kutwa, na mgongo ukaanza kumlalamikia. Akaenda duka la dawa, akapewa vidonge vya maumivu, vikamfaa. Vikamfaa hadi akavifanya kifungua kinywa: akiamka tu anameza, tumbo halijaona hata kipande cha muhogo, halafu huyo bandani. Njaa ya kutwa nzima anailipia jioni. Mkewe, Mwanawetu, ana mkono wa mapishi: wali wa nazi, mchuzi wa kambale, pilipili ya kukutoa jasho puani. Mjomba anakula sahani ina kilele, anashushia chai ya tangawizi kali, kisha anajinyoosha hapohapo mkekani, tumbo juu.

Ndipo kiungulia kikaanza. Moto unapanda kifuani mpaka kooni, mdomo unachacha. Mtu mwingine angejiuliza amekula nini na amelala vipi. Mjomba aliwauliza wateja wake. Na wateja wa seremala, kitanda kikiwa bado hakijakamilika, hawana kazi nyingine ila kutibu watu.

"Hivyo ni vidonda vya tumbo," alisema mmoja, hata hajaambiwa dalili zote.

"Shemeji yangu alikuwa hivyohivyo," akadakia mwingine. "Maziwa ya ng'ombe ndiyo yaliyomponya. Yanapaka kidonda kama rangi inavyopaka mbao."

Ukimwambia seremala habari ya rangi na mbao, umemmaliza.

Sasa lazima niseme ukweli kuhusu sisi na maziwa. Sisi ni watu wa mto na mashamba. Zamani mbung'o hawakuruhusu ng'ombe huku, na maziwa tuliyokulia ni tui. Mtoto wa huku akiachishwa ziwa ameagana na maziwa mpaka aje kuyaona kwenye chai ya harusi. Lakini miaka hii wafugaji wamehamia bondeni na makundi yao, na kila asubuhi pikipiki inapita na madumu pembeni. Mjomba akawa anasimamisha pikipiki, anakinga jagi, anakunywa papo hapo, masharubu yameota mvi ghafla.

Kabla hajamaliza kupima ubao wa kwanza, tumbo linanguruma. Linajaa, linakaza kama ngoma iliyoota moto. Halafu upepo. Mie ni mpwa wake na nampenda, lakini ile haikuwa hewa ya kawaida. Hata paka wa nyumbani alihamia kwa jirani.

"Dawa ikichemka ujue imeukuta ugonjwa," alimwambia Mwanawetu.

"Mume wangu, dawa gani hii inayonifukuza chumbani?"

"Nyamaza wee. Ugonjwa unatoka."

"Unatoka kila siku, mbona hauishi?"

Mjomba akatafakari, akaona mkewe ana hoja: ugonjwa ni mwingi, dawa ni chache. Akaongeza jagi la pili.

Nyumbani ni mzaha, msikitini ni jambo jingine, maana upepo ukitoka udhu umetoka nao. Trafiki wa udhu akawa yeye ndiye anayekwenda bombani, anarudi, anakwenda tena. Akisimama kuadhini anakaza tumbo mpaka sauti inatetemeka, na wazee wanasema mashallah, siku hizi anaadhini kwa hisia. Angeweza kumfuata imamu wetu, Shehe Ukasha, akamweleza. Angeweza hata kukaa nyumbani siku mbili. Lakini mtu aliyemrudisha bwana harusi bombani ataanzaje kusema mbele za watu kwamba yeye mwenyewe havuki rakaa mbili?

Siku yenyewe ilikuwa adhuhuri. Adhuhuri imamu hasomi kwa sauti, na siku hiyo umeme ulikatika, feni zikasimama. Msikiti ulikuwa kimya hadi unasikia majani ya mkorosho yakidondoka juu ya bati. Mjomba alikuwa safu ya kwanza, na kulia kwake alisimama Mzee Fikirini, kama ilivyokuwa tangu msikiti ule ungali wa makuti. Mzee Fikirini alilinda mashamba ya mpunga ujana wake wote, akipiga madebe kufukuza nguruwe na ndege, na madebe yale yaliondoka na masikio yake. Ukitaka akusikie lazima mtaa wote usikie.

Katika sijida ya rakaa ya pili, tumbo la mjomba likamshinda.

Haikuwa sauti ya kusema labda ni mlango. Wote waliisikia, isipokuwa mmoja.

Pale pale ilimpasa atoke, na sheria hiyo yeye ndiye aliyetufundisha. Alibaki. Akainuka na wenzake, akarukuu na wenzake, akatoa salamu kulia na kushoto bila udhu. Swala ilipokwisha, vijana wa safu za nyuma walikuwa wanakohoa ile kohoa ya kuzuia kicheko, na macho yakaanza kutafuta. Na mjomba wangu aligeuza shingo, polepole, akamtazama Mzee Fikirini. Macho yote yakafuata shingo ile.

Mzee akaona anatazamwa. Akajitazama kanzu, akatazama nyuma, akatutazama tena.

"Ni mimi?" aliuliza.

Tukaendelea kumtazama.

"Nisameheni, wanangu. Uzee. Siku hizi mwili unafanya mambo yake bila kuniambia."

Akashika bakora yake, akaenda bombani, akatawadha upya kwa utaratibu, kisigino na kisigino. Akarudi, akaswali tena adhuhuri yake peke yake, mkeka wa mwisho, karibu na viatu. Mjomba alipita kando yake akatoka nje. Yake aliirudia nyumbani, stoo, kati ya mbao za mninga, mlango ameufunga kwa komeo.

Jioni, kijana wetu mmoja wa bodaboda, Ashrafu, akawa anasimulia pale bandani. "Babu Fikirini kapiga honi kwenye kona!" Watu walicheka mpaka wakashikilia vitanda visianguke. Mjomba naye akacheka. Anasema kicheko kile anakisikia mpaka leo, kwa sababu kilikuwa kikubwa kuliko cha Ashrafu.

Mzee Fikirini hakuja alasiri. Hakuja magharibi. Watu wakasema mguu unamsumbua. Ijumaa nayo ikapita, nafasi yake mkekani ikachukuliwa na mtu mwingine, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mtu alijua na kila mtu aliona ni heshima kutojua.

Binti yake, Hadija, alikuja bandani asubuhi moja. Mjomba alidhani anataka kabati.

"Shikamoo, kaka Mshamu."

"Marahaba, mdogo wangu. Mzee hajambo?"

"Ndicho kilichonileta. Baba hali. Mihogo kaacha, kunde kaacha, wali anasema unamjaza tumbo. Anakunywa uji mwepesi asubuhi, basi mpaka kesho. Nguo zimekuwa za mtu mwingine."

"Anaumwa?"

"Haumwi popote. Anasema anauadabisha mwili." Hadija akashusha sauti. "Nimemwambia baba, upepo ni jambo la kila mtu. Hanisikii. Lakini wewe anakuheshimu, wewe ndiye unayejua mambo ya udhu. Ukimwambia arudi, atarudi. Nenda kamwone, kaka, kabla hajaniishia."

"Nitakwenda," alisema mjomba.

Kwenye benchi, jagi la maziwa lilikuwa nusu. Alilimaliza. Hakwenda.

Kisha ikaja ile mvua iliyokata njia. Maji yalijaa bondeni, pikipiki za maziwa hazikuvuka. Siku ya kwanza mjomba alihangaika kama mvutaji aliyekosa sigara, akisema sasa vidonda vitamla. Siku iliyofuata tumbo lilikuwa kimya. Iliyofuata hapo, kimya. Akaswali adhuhuri kwa udhu wa alfajiri, jambo ambalo alikuwa amelisahau ladha yake. Maji yalipopungua na pikipiki ikarudi, akakinga jagi kwa furaha, na kabla jua halijapanda, ngoma ikaanza upya.

Mwanawetu alikuwa anafagia uwanja. Akaegemea ufagio.

"Ugonjwa umerudi pamoja na pikipiki," alisema. "Ajabu, eh?"

Hapo ndipo alipokwenda kituo cha afya, na mie nilimsindikiza. Daktari, binti wa makamo ya Hadija, alimuuliza maswali ambayo wateja wa kitanda hawakumuuliza. Kama amewahi kutapika damu. Kama choo kimewahi kuwa cheusi kama lami. Kama amepungua mwili, au chakula kinamkwama akimeza. Yote hapana. "Ungeniambia ndiyo hata kwa moja," alisema, "nisingekuacha urudi nyumbani leo, ungekwenda hospitali." Akauliza habari ya vidonge, na mjomba akavitoa mfukoni kama peremende. Daktari akatikisa kichwa: vidonge vile juu ya tumbo tupu, kila siku, ndivyo vinavyoweza kumpa hivyo vidonda anavyovitibu. Aviache, mgongo utatafutiwa njia nyingine. Ale mchana, asisubiri jioni. Apunguze pilipili, asilale na chakula kooni, akilala ainue kichwa cha kitanda kidogo. Na kitanda si kazi yake?

Akampa dawa ya kiungulia ya muda, na tarehe ya kurudi kama moto hautapoa.

"Na maziwa?" mjomba aliuliza, huku anatazama sakafu.

"Watu wengi wakishakuwa wakubwa tumbo halisagi maziwa. Si ugonjwa, ndivyo walivyo. Yanachachia humo ndani, yanaleta gesi. Ukiyataka sana jaribu mtindi kidogo, uone. Lakini kwa nini unajitesa?"

Njiani kurudi nilimtania, nikamwambia ameponywa na mafuriko, hakuna mganga anayeweza kushindana na hilo. Hakucheka. Nilidhani anahuzunikia maziwa. Kumbe alikuwa anawaza kwamba alipokuwa mgonjwa alikuwa na kisingizio, na sasa tumbo limeshajulikana, kilichobaki ni ile shingo.

Alikwenda kwa Mzee Fikirini kesho yake, baada ya swala ya adhuhuri. Mzee alikuwa amekaa uani, kiti amekisogeza mbali, karibu na banda la kuku, peke yake.

"Shikamoo, baba."

"Nani?"

"Mshamu!"

"Ah, muadhini wetu. Marahaba, karibu." Akainua mkono. "Ila usinikaribie sana, mwanangu. Kaa huko huko."

Mjomba akakaa chini pale alipokuwa, kwenye mchanga.

"Baba, siku ile msikitini, haikuwa wewe."

"Eh?"

"Nasema haikuwa wewe!"

"Ndivyo mnavyosema wote. Hadija naye kasema. Mnanibembeleza."

"Ilikuwa mimi!"

"Ulikuwa wewe nani?"

Uani kwa jirani kulikuwa na wanawake wawili wanatwanga. Mjomba aliwasikia mchi na mchi, akajua kwamba kwa mtu mwenye masikio kama yale hakuna kunong'ona. Akavuta pumzi ya kuadhinia.

"Mimi ndiye niliyejamba!"

Michi ikasimama.

Kuku mmoja alipita kati yao, akarudi.

"Na ukanitazama," alisema mzee.

"Nilikutazama."

"Nilidhani unanihurumia. Nilirudi nyumbani nikamwambia Hadija, Mshamu peke yake ndiye aliyenitazama kwa huruma." Akaangalia mikono yake, saa imelegea juu ya mfupa. "Mwili huu nimeugombeza. Nimeunyima muhogo, nimeunyima kunde, nimeulaza na njaa. Nauambia, wewe umeniaibisha nyumbani kwa Mungu. Na wenyewe umekaa kimya tu, unapokea. Kumbe haukunikosea."

"Nisamehe, baba."

"Mwili wangu nitauomba radhi mwenyewe. Wewe kaniombe radhi palepale uliponitazamia. Wakiwepo walewale."

"Utakuja usikie?"

"Nisikie na nini?" alisema mzee. "Nenda. Ukishasema nitajua."

Mjomba alipitisha siku tatu akitafuta maneno mazuri. Alinijia mie nimsaidie, nikamwambia alitoe tu neno mara moja, kama alivyokuwa anameza vidonge. Siku ya nne, adhuhuri, Shehe Ukasha alipomaliza dua, mjomba akasimama. Feni zilikuwa zinazunguka. Mikono hakujua aiweke wapi, akaishika kifuani kama anaswali tena.

"Ndugu zangu," alisema, "ile siku umeme ulipokatika. Lile lililosikika. Ni langu. Mzee Fikirini hakuhusika. Nilijua ni langu, nikaendelea kuswali nanyi bila udhu, nikamgeuzia shingo mzee ili mumtazame yeye. Nimeshamwomba radhi, kasema nije nimwombe hapa. Basi."

Mara, kutoka safu ya nyuma, Ashrafu:

"Kumbe honi ilikuwa ya fuso!"

Walicheka. Walicheka hata wale wazee wa mashallah. Niliwaona mabega yao. Na kicheko kikaisha haraka kuliko kilivyoanza, kwa sababu kila mmoja alikumbuka alikuwa ametazama wapi siku ile. Mie pia.

Shehe Ukasha akawangoja wamalize.

"Swala yako uliirudia?"

"Niliirudia, shehe."

"Hiyo basi ni yako na Mola wako. Na ungekuja kuniuliza, ningekwambia mwenye maradhi ya kudumu ya namna hiyo ana ruhusa yake: anatawadha wakati wa swala ukiingia, anaswali, hata kama upepo haumpi nafasi. Dini haikukusudia uteseke. Lakini hukuja." Akakunja mkeka wake. "La mzee hatuna kitabu cha kulifutia. Hilo tumngoje yeye."

Wanawake wa michi walikuwa wameshaifikisha habari mtaani tangu siku zile tatu. Msikitini palibaki kuithibitisha tu. Kabla ya alasiri mjomba alikuwa na jina jipya, maana pale njiani kila mtu alikuwa amemwona na jagi lake. Watoto walipita bandani wakiimba "Maziwa! Maziwa!" na yeye akaendelea na randa, uso umeinama kuliko mgongo. Mwanawetu aliniambia chakula cha mchana hakukigusa. Alimfunika sahani, akamwambia, "Kula. Wewe usije ukaanza na wewe kuuadabisha mwili, nitawalisha wangapi uji?"

Alasiri aliadhini. Sauti ilitoka nyembamba, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema mashallah. Akashuka, akasimama mahali pake, kushoto kwa ile nafasi. Aliyekuwa ameizoea nafasi ile siku hizi alikuja, akaitazama, akasogea mwisho wa safu. Shehe Ukasha akageuka kunyoosha safu, akaliona pengo, hakuamuru lijazwe.

Bakora ilisikika kwenye kibaraza. Mzee Fikirini aliingia, kanzu inapwaya, mabega yametokeza kama henga ya kutundikia nguo. Alipita katikati yetu hamtazami mtu. Akafika safu ya kwanza, akalaza bakora ukutani, akasimama kulia kwa mjomba, bega kwa bega. Mjomba alikuwa anatazama mkeka.

"Mshamu!" alisema mzee, kwa sauti yake ya kufukuza nguruwe. "Leo umekunywa nini?"

Ashrafu nilimwona ameuma ukingo wa kofia yake.

Mjomba wangu, trafiki wa udhu, akajibu kwa sauti ya kumfikia:

"Maji, baba. Na chai ya rangi."

"Maziwa?"

"Hapana, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipojua."

Mzee alifikiri kidogo, kama anapima ubao.

"Haya," alisema. "Kimu swala."

Mjomba akafungua mdomo kukimu, sauti ikakataa. Akajaribu tena. Tukasimama pale, safu zimenyooka, tukimngoja.